Mama Mkwe na Kichaka Kilichosimama

Sehemu ya kumi na moja

Wiki iliyopita tulimwacha Mama Vitalia amechuchumaa nyuma ya kichaka, kitenge kiunoni, akichimba dawa. Na kichaka kikasimama.

Wengi mmepiga simu hapa gazetini kuuliza kama amekufa. Mmoja wenu, wa Mbinga mjini, ameuliza kama alimaliza. Tulizeni roho. Yote mtayajua.

Kwa wewe uliyeazima gazeti la jirani na hujui tunazungumzia nini, habari kwa ufupi ni hii. Akina mama wa Matiri walishinda zawadi ya kahawa bora, na zawadi yenyewe ikawa safari ya kuona wanyama katika Hifadhi ya Jamii ya Mkalanga, kule milima inakoteremkia Ziwa Nyasa. Anayewatembeza ni Emiliana, binti wa Liuli, mwongoza wageni mwenye sare ya kijani na sauti ya kusikika ng'ambo ya ziwa. Emiliana amechumbiwa na Rodrick, dereva wa lori la makaa ya mawe. Na Rodrick ni mtoto wa nani? Wa Mama Vitalia.

Emiliana hajui hilo. Kila akiomba kupelekwa ukweni, Rodrick ana sababu mpya. Kwa hiyo Mama Vitalia amekuja mwenyewe kumkagua mkwe kwa siri, akajitambulisha kwa jina la Mama Hilda. Wala hakudanganya. Vitalia ni jina lake mwenyewe, na Hilda ni kifungua mimba wake. Alichonyamazia ni kwamba baada ya Hilda alimzaa Rodrick.

Uamuzi alikuwa ameshaufanya tangu Matiri. Msichana Mwanglikana, mlaji wa ugali wa muhogo, anayelala maporini na wanaume wenye bunduki, haolewi katika nyumba yake. Alichokuja kutafuta ni ushahidi tu.

Haya. Turudi kichakani.

Kichaka kilisimama, kikapata masikio, kikapata mkonga, kikapumua. Pumzi ile ilimfikia Mama Vitalia shingoni, ya moto, yenye harufu ya majani yaliyotafunwa. Aligeuza kichwa. Akaona goti. Akainua macho. Goti liliendelea kupanda mpaka likawa tembo.

Hakupiga kelele. Sauti ilikuwa imemtangulia kurudi Matiri.

Wakati huo huo Emiliana alitokeza juu ya tuta, na nyuma yake Tarsisi, askari wa hifadhi, na bunduki yake. Walikuwa wametoka kumtafuta. Unajua mama wa heshima hachimbi dawa karibu na gari. Mama Vitalia alikuwa amevuka korongo na kupanda tuta la pili, kwa sababu aliamini kwamba Dunstan, dereva wa gari la hifadhi, ana macho marefu.

"Mama Hilda," Emiliana alisema polepole, kama anayembembeleza mtoto alale. "Usikimbie."

"Nitakimbiaje nikiwa hivi?"

"Shusha kitenge. Taratibu."

"Kimeshikwa na mwiba."

Tarsisi aliinua bunduki. "Nipige?"

"Ukimkosa, atamkanyaga. Ukimpata, atamwangukia."

"Sasa nifanye nini?"

"Shusha mtutu, uombe Mungu."

Kuomba kulikuwa kumeshaanza. Mama Vitalia alikuwa amefumba macho, midomo inamcheza. "Salamu Maria, umejaa neema..."

"Bwana yu nawe," Emiliana aliitikia, huku akishuka tuta hatua kwa hatua.

Jicho moja la Mama Vitalia lilifunguka. "Wewe si Mwanglikana?"

"Leo, mama, mimi ni wa dhehebu lolote analoliogopa tembo."

Tembo hakuonyesha kuogopa dhehebu lolote. Alinyoosha mkonga, akaupitisha juu ya kichwa cha Mama Vitalia, akavuta harufu ya kilemba, akashuka begani, akashuka mpaka kwenye mkoba uliokuwa chini. Hapo akatulia. Akanusa tena. Akaanza kuuvuta.

Emiliana alielewa.

"Mama. Una ndizi kwenye mkoba?"

"Sina."

"Asubuhi niliwaambia wote mtoe matunda, yabaki getini."

"Nimekuambia sina."

"Mama Hilda!"

"Chache tu."

"Zitupe! Zitupe mbali, upande wa kulia!"

"Ndizi za shambani kwangu? Sikuzipanda kwa ajili ya huyu!"

Na hapo, badala ya kuutupa mkoba, mama yule alifanya jambo ambalo hakuna mwongozo wa watalii duniani uliowahi kulikataza, kwa kuwa hakuna aliyefikiri kwamba binadamu angelifanya. Aliushika mkoba kwa mikono miwili na kumnyang'anya tembo.

Tembo alirudi nyuma. Alishangaa, nadhani. Kisha masikio yakafunguka kama milango ya kanisa, vumbi likapanda, na mlio ukatoka uliowafikia hata akina mama waliobaki kwenye gari ng'ambo ya korongo. Mama Mektilda, aliyekuwa anarekodi video ya kuwaonyesha watu jumuiyani, alidondosha simu.

Tembo akaja.

Emiliana hakuwaza. Aliruka mbele ya Mama Vitalia, akasimama miguu imepanuka, mikono juu, akapiga yowe moja kwa Kinyasa ambalo siwezi kuliandika hapa, kwani mhariri wangu bibi yake anatoka Lundo na atalielewa.

Ardhi ilitetemeka. Kokoto zilimrukia Emiliana magotini. Kisha kila kitu kikasimama. Vumbi lilipotulia, mkonga ulikuwa karibu kiasi cha kumpangusa jasho.

"Sasa," Emiliana alinong'ona bila kugeuka, "tupa huo mkoba."

Mkoba uliruka. Tembo aliufuata bila haraka, akaukanyaga, akazitoa ndizi moja moja na kuzila na maganda yake. Mama Vitalia, aliyekwisha kujifunga kitenge vizuri, alisimama na kumtazama kwa uchungu.

"Hata shukrani hana," alisema.

Lakini Emiliana hakucheka. Alikuwa anatazama mguu wa mbele wa tembo. Tembo alipohama kuufuata mkoba, alichechemea, na sasa mguu ule hakuukanyaga chini kikamilifu. Juu ya unyayo palikuwa na mstari mweusi, na pembeni ya mstari nyama ilikuwa imevimba na kupasuka. Nzi walikuwa wamejaa.

"Nini kile?" Mama Vitalia aliuliza.

"Waya."

"Amejikwaa?"

"Ametegwa, mama. Anayetega anataka mbawala au nguruwe pori, lakini kitanzi hakichagui. Tembo ana nguvu, anakata waya anaondoka nao. Akitembea unazama. Sasa umefika karibu na mfupa."

Huyu ni mwanamke aliyewahi kukesha na ng'ombe wake mgonjwa zizini, na anayejua mnyama anapobeba maumivu yake kimya. Alitazama ule mguu mpaka tembo alipoingia vichakani.

"Kumbe alikuwa na njaa," alisema. "Hawezi kutembea kutafuta chakula."

"Ndiyo, mama."

"Ningempa zote."

Emiliana alimgeukia Tarsisi. "Mfuate kwa mbali, upepo ukupige usoni. Usimpoteze. Nikifika kwenye gari nitamwita daktari wa wanyama kwa redio ya gari, hii yangu ya mkononi haifiki huko."

Tarsisi aliondoka mbio. Mama Vitalia alimtazama anavyotokomea.

"Na bunduki inakwenda na yeye?"

"Inakwenda na yeye."

"Yaani mnampenda tembo kuliko sisi."

"Wewe, mama, huna waya mguuni."

Ndugu msomaji, kuna maneno mtu hapaswi kuyatamka porini.

Walishuka kuelekea korongoni, Emiliana mbele, Mama Vitalia nyuma, akisimulia jinsi ambavyo kwao Matiri mnyama mkubwa kuliko wote ni mbuzi wa katekista. Hakumaliza. Emiliana alisikia kishindo, akageuka, na kumkuta mgeni wake amelala kifudifudi, mguu mmoja umenyooka nyuma kama umefungwa kwenye mti. Kwa sababu ulikuwa umefungwa kwenye mti.

Kitanzi kilikuwa cha waya wa breki ya pikipiki. Kilikuwa kimembana juu ya kifundo, na tayari damu ilichuruzika.

"Usivute, mama! Unavyovuta ndivyo kinavyokaza."

"Kitoe basi!"

Emiliana alijaribu kwa vidole. Alijaribu kwa kijiti. Waya ulikuwa umezama kwenye soksi na hakuwa na koleo. Alishika redio kuwaita Dunstan na wenzake, na kabla hajabonyeza alisikia sauti.

Sauti za wanaume. Zinakaribia.

"Twende tukague mitego ya huku kwanza," mmoja alikuwa anasema. "Kisha tushuke barabarani."

Mtu anayekuja kukagua mitego ndiye aliyeitega. Emiliana alizima redio, akajilaza kwenye nyasi ubavuni mwa Mama Vitalia, akaweka kidole mdomoni. Hakuwa na bunduki. Bunduki ilikuwa inamfuata tembo.

"Lori limefika?" aliuliza wa pili.

"Limefika. Rodi wa Matiri hajawahi kuchelewa. Tukiweka nyama chini, makaa ya mawe juu, nani atachambua?"

Nyasini, mikono miwili ilishikana kwa nguvu. Kila mmoja alidhani ni yeye aliyemshika mwenzake.

"Rodi wangu!" alinong'ona Mama Vitalia.

"Rodi wangu!" alinong'ona Emiliana.

Mikono iliachiana.

"Wako kivipi?" aliuliza Emiliana.

"Wangu wa kumzaa. Wako kivipi?"

Emiliana alimtazama. Alitazama pua, alitazama paji la uso, alitazama jinsi nyusi zinavyokutana mtu akikasirika. Uso ule aliujua. Alikuwa amekubali kuolewa nao.

"Wewe ni mama yake Rodrick?"

"Na wewe ni huyo Emiliana asiyejua kunyamaza wakati wa hatari."

Binti alitaka kupiga magoti amsalimie mama mkwe kwa adabu, akakumbuka kwamba tayari amelala chini. Akaona aibu. Kisha akakumbuka asubuhi nzima: swali la anajua kupika nini, swali la kanisani anakaa kiti cha ngapi, swali la kama sare ile huivua akifika nyumbani. Aibu ikaondoka, ikaja hasira.

"Umekuja kunipeleleza!"

"Nimekuja kuona wanyama."

"Mama!"

"Na wewe pia nikuone. Shida iko wapi? Ng'ombe tu hanunuliwi gizani."

"Nani hapo?"

Wanaume walikuwa wamesikia.

Nyasi zilifunuka. Wa kwanza kutokeza alikuwa kijana mrefu, panga mkononi, koleo kiunoni. Emiliana alijiandaa kumrukia. Lakini Mama Vitalia alikuwa ameinua kichwa, na kilichomtoka si yowe.

"Methodi!"

Kijana aliganda.

"Methodi wa mama Ottilia! Ndiyo salamu hiyo? Unamjia mama yako wa ubatizo na panga?"

Panga lilishuka lenyewe. Huyu mama ndiye aliyemshika Methodi kichwa siku padri alipommwagia maji. Ndiye aliyemfundisha Baba Yetu kwa fimbo ya mti wa kahawa. Kuna vitu ambavyo mwili wa mtu hauviombei ruhusa akilini, na magoti ya Methodi yalikunjika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nifungue."

"Ndiyo, mama."

"Unamsalimia nani wewe?" Sauti ilitoka nyuma, na mwenye sauti akafuata. Huyu hakuwa wa Matiri wala wa ziwani. Wenzake walimwita Alphonce, na hakuna aliyejua kwao. Alikuwa na macho mekundu na gobore la kienyeji, na gobore lilikuwa tayari limeelekezwa. "Huoni sare? Wameshatuona. Simama, Methodi."

"Ni mama yangu wa ubatizo, Alphonce," alisema Methodi kinyonge.

"Si wangu."

"Na inaonekana," alisema Mama Vitalia. "Kwenu hawasalimii?"

"Mama, funga mdomo."

Mtutu ulimgeukia. Alikuwa bado chini, mguu kwenye waya. Emiliana aliona midomo yake inaanza tena Salamu Maria, bila sauti.

Akasimama. Akajiweka kati ya mtutu na mama mkwe asiyemtaka.

"Gobore lako lina risasi moja," alimwambia Alphonce. "Ukinipiga mimi, utabaki na huyu mama."

Alphonce alimtazama Mama Vitalia. Namwelewa. Hata mimi ningefikiri mara mbili.

Katika kule kufikiri, Methodi alirusha mkono. Alipiga mtutu kutoka chini, gobore likalipuka kuelekea mbinguni, moshi mweusi ukawafunika wote. Moshi ulipotawanyika Alphonce alikuwa anakimbia kuteremka bondeni, na gobore lilikuwa chini likifuka.

Methodi alikata waya kwa koleo. Emiliana alivua skafu yake akamfunga Mama Vitalia kifundo.

"Ni njaa, mama," Methodi alisema.

"Njaa ya nini? Kwenu mna mahindi mpaka yanaliwa na panya. Sema tamaa." Kisha sauti ikashuka. "Rodrick wangu. Ni kweli?"

Methodi alitazama chini. "Ni kweli. Tangu mwaka jana. Anateremsha makaa bandarini, akipita huku anasimama, anabeba."

"Na siku za doria?" Emiliana aliuliza. "Kila tukifika bondeni tunakuta majivu ya moto na utumbo. Mnajuaje tunapokwenda?"

"Rodi anatuambia. Sijui yeye anaambiwa na nani."

Emiliana alijua.

Alijua kila neno. Kila jioni Rodrick alipiga simu kutoka mgodini Ngaka, akisubiri kupakiwa, kwa sauti yake ya upole. Kesho uko wapi, mpenzi? Nisije nikakuwaza bure. Naye alimwambia. Kesho niko bonde la chini. Kesho tunapanda mlimani. Alimwambia kwa furaha, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyewahi kumuuliza.

Alikaa chini kwenye nyasi. Tembo mwenye waya mguuni. Mbawala wale aliowakuta wameoza kwenye vitanzi. Ni yeye aliyewafungulia mlango wauaji, na alifanya hivyo huku anatabasamu peke yake chumbani.

"Binti," alisema Mama Vitalia. "Barabara iko mbali?"

"Iko hapo chini tu."

"Niinue."

"Mguu wako..."

"Mguu ni wangu. Niinue."

Waliteremka, Mama Vitalia amemwegemea Emiliana, Methodi nyuma yao kama kondoo. Hakuna aliyemfunga. Mama Vitalia alikuwa amemwambia afuate, na ilitosha.

Lori lilikuwa limesimama pembeni mwa barabara ya vumbi, injini inanguruma chini chini, turubai limefungwa vizuri juu ya makaa. Mbele, juu ya kioo, kwa maandishi makubwa ya njano, palikuwa na jina lake: MAOMBI YA MAMA.

Mama Vitalia alilisoma. Alilisoma tena. Emiliana alihisi uzito wote wa mama yule unamshukia begani.

Walisimama mbele ya lori. Rodrick aliinua macho kutoka kwenye simu.

Mnamjua Rodrick, wasomaji wangu. Kijana mtanashati, meno meupe, hata makaa hayampaki. Rangi ya uso ilimtoka kama maji kwenye chujio.

"Mama?" alisema. "Emi?" Kisha akatabasamu, maana alikuwa ametabasamu maisha yake yote na tabasamu lilikuwa halijamwangusha. "Kumbe mmefahamiana! Mimi nimepata pancha hapa..."

"Tairi zote zimejaa," alisema Emiliana.

"...nikaiziba."

"Alphonce yuko wapi?"

"Alphonce gani?"

Hapo ndipo turubai lilipopiga chafya.

Ilikuwa chafya ndogo, ya adabu. Lakini makaa ya mawe hayapigi chafya, na aliyeshtuka kuliko wote alikuwa Rodrick mwenyewe. Aligeuka kwenye kiti mpaka shingo ikalia.

Turubai liliinuka upande mmoja. Akatoka mwanamke. Alikuwa mweusi wa makaa kuanzia nywele hadi viatu, macho tu yanang'aa. Mkono mmoja ulishika kitambulisho, mwingine bastola. Alisimama juu ya rundo lile, nyuma ya kichwa cha lori.

"Naitwa Glorious," alisema, akapangusa pua kwa kiwiko. "Mpelelezi wa wanyamapori. Nimelala humu tangu Ngaka, na dereva huyu ana njia mbaya ya kupita kwenye mashimo. Rodrick, zima gari. Kijana mwenye koleo, lala chini."

Methodi alilala.

"Na wewe wa sare. Mikono juu. Nilikuwa nakutafuta wewe kuliko wote."

"Mimi?" alisema Emiliana.

"Miezi mingi tunajiuliza nani ndani ya hifadhi anauza siku za doria. Simu ya Rodrick imetuambia. Kila usiku wa kuamkia uwindaji, namba ni moja. Ni yako."

Emiliana hakukana. Aliinua mikono. Mama Vitalia, aliyekosa pa kuegemea, aliyumba, akajishika kwenye bampa.

"Ulimwambia?" alimuuliza.

"Nilimwambia, mama. Alikuwa anauliza nitakuwa wapi. Nilidhani ananiwazia."

Machozi yalimtoka, na kwa kuwa mikono ilikuwa juu, hakuweza kuyafuta.

Mama Vitalia alimtazama. Huyu ndiye binti aliyekuja kumtafutia sababu ya kumkataa. Sasa sababu ilikuwa imesimama mbele yake, imeinua mikono, na mpelelezi ameileta kwa bastola. Angeweza kurudi Matiri leo hii, akanywa chai, akalala usingizi.

Aliiachia bampa. Akachechemea mpaka mbele ya Emiliana, akamgeukia mpelelezi.

"Wewe mtoto uliye juu ya makaa," alisema. "Huyu hakuuza kitu. Alimpenda mjinga, basi. Hata mimi nampenda huyo mjinga, na nimemnyonyesha. Kama kumpenda ni kosa, anza na mimi. Huyu ni mkwe wangu."

Emiliana alilisikia neno lile. Hata Glorious alishusha bastola kidogo.

Kisha mama akageuka. Alitazama kupitia kioo, chini ya yale maandishi ya njano.

"Rodrick. Baba. Shuka uwaambie ukweli, huyu binti asifungwe kwa ajili yako."

Rodrick alimtazama mama yake. Alimtazama Emiliana. Tabasamu lilikuwa bado limebaki usoni, lakini hapakuwa na mtu ndani yake.

"Mama," alisema kwa upole ule ule wa kwenye simu. "Toka barabarani."

"Shuka, mwanangu."

"Mama, tafadhali. Toka."

Mama Vitalia aliweka mikono yake miwili juu ya boneti la moto, kama mtu anayesukuma mlango. Hakusogea. Emiliana alimshika kiuno amvute, akashindwa.

Gia iliingia, lori likatikisika. Glorious akayumba juu ya makaa, bastola ikamponyoka. Na Rodrick, mbele ya mwanamke aliyemzaa na mwanamke aliyemchumbia, alikanyaga mafuta.